Holmes, Nick na Nora, au Charlie Chan: Uanze na Mfululizo Upi wa Filamu za Upelelezi za Hollywood ya Zamani?

Mtu anayetaka kuonja filamu za upelelezi za Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 hukwama kwanza kwenye wingi wake. Mfululizo wa Sherlock Holmes ulioigizwa na Basil Rathbone una filamu 14. Ule wa Nick na Nora Charles, unaojulikana kwa jina la filamu yake ya kwanza, The Thin Man, una 6. Na ule wa Charlie Chan, ukizijumlisha filamu za waigizaji watatu waliorithiana nafasi hiyo kuanzia 1931 hadi 1949, unapita 40. Hapo hujawagusa akina Falcon, Saint, Mr. Moto na Boston Blackie. Makala haya yanalinganisha mifululizo mitatu ya mwanzo kwa sababu haifanani hata kidogo kwa hulka, na kwa sababu anayeijua hiyo mitatu atakuwa na kipimo cha kuipimia mingine.

Niseme msimamo wangu mapema: mgeni wa filamu hizi asichague kwa kutafuta fumbo gumu kuliko yote. Jina la muuaji husahaulika kabla ya wiki kwisha, na baadhi ya mafumbo haya, ukiyakalia kitako kwa kalamu na karatasi, hesabu yake haiingii. Kinachomrudisha mtazamaji kwenye filamu ya tatu, ya nne na ya tano ni mpelelezi mwenyewe na yule anayeandamana naye, na ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwa hao.

Kabla ya hapo, neno fupi kuhusu chanzo cha wingi huo. Majumba mengi ya sinema nchini Marekani wakati ule yaliuza tiketi moja kwa filamu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ile ndogo ilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa siku chache, aghalabu katika mandhari yaliyokwisha kujengwa kwa ajili ya filamu nyingine, na ilidumu kwa saa moja na dakika kadhaa. Mpelelezi aliifaa sana kazi hiyo, kwa kuwa watazamaji walikwisha kumjua, hakuhitaji kutambulishwa upya, na kesi mpya hazikosekani. Charlie Chan na filamu nyingi za Holmes ni mazao ya utaratibu huo. Nick na Nora walitoka mlango mwingine: kampuni ya MGM iliwapa waigizaji wake wa daraja la juu, na filamu ya kwanza, ya mwaka 1934, iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, ingawa mwongozaji wake, W. S. Van Dyke, aliyesifika kwa kasi, hakutumia hata wiki tatu kuipiga.

Mpelelezi na mwenzake

Rathbone alizaliwa Johannesburg mwaka 1892 na kukulia Uingereza, na alipopewa nafasi ya Holmes mwaka 1939 alikuwa tayari anajulikana Hollywood kwa kuigiza waovu hodari wa upanga. Ukali wa waovu hao aliuhamishia kwa mpelelezi. Holmes wake huzungumza haraka, humtazama mtu kana kwamba anamsoma, na hana subira na mzito wa kuelewa. Pembeni yake yuko Nigel Bruce, Watson mnene wa kuguna na kunung'unika, ambaye husinzia pale alipoambiwa alinde. Wasomaji wa hadithi za Arthur Conan Doyle wameilalamikia sura hiyo kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba Watson wa vitabuni ni daktari wa jeshi mwenye akili zake timamu, wala si kichekesho. Lalamiko hilo ni la haki. Hata hivyo, ukizitazama filamu tatu au nne mfululizo utaona kazi anayoifanya Bruce: ubaridi wa Rathbone ungechosha upesi kama pasingekuwa na mtu mwenye moyo mweupe wa kumfanya Holmes atabasamu, na mapenzi kati ya wazee hao wawili yanaonekana kweli hata pale hadithi inapolegea. Msomaji aliyelelewa na riwaya za Muhammed Said Abdulla, anayemjua Bwana Msa na kiko chake pamoja na rafiki yake Najum, hatakuwa mgeni Baker Street, mtaa anakoishi Holmes.

Nick na Nora ni jambo jingine kabisa. Nick, anayeigizwa na William Powell, ni mpelelezi aliyeacha kazi baada ya kuoa mwanamke tajiri, naye hataki kesi yoyote. Nora, anayeigizwa na Myrna Loy, ndiye anayemsukuma aichukue, kwa sababu anaona mambo hayo yana raha yake. Tazama jinsi wanavyoingia katika filamu ya kwanza. Nick yuko baa, anawafundisha wahudumu mdundo unaofaa kutikisia kila aina ya kinywaji. Nora anaingia akivutwa na mbwa wao, Asta, mikono imejaa vifurushi vya Krismasi, na anaanguka kifudifudi mbele ya watu wote. Dakika chache baadaye, akiwa mezani na bilauri moja, anamuuliza mumewe amekwisha kunywa ngapi. Akisikia hiyo ni ya sita, anamwagiza mhudumu amletee nyingine tano na kuzipanga mbele yake, ili awe sawa na mumewe. Katika onyesho hilo moja imeelezwa ndoa nzima. Nora hamlindi mumewe, hamwonei wivu na wala hangoji kuokolewa. Anashindana naye, na mumewe anafurahi kushindwa. Miswada ya filamu tatu za kwanza iliandikwa na Frances Goodrich na Albert Hackett, waliokuwa mke na mume, na sishangai hata kidogo, maana mazungumzo yale yana vijembe ambavyo watu hujifunza kwa kuishi pamoja tu.

Katika filamu za Charlie Chan, anayeandamana na mpelelezi ni mwanawe. Chan ni mpelelezi wa polisi wa Honolulu, mtu wa adabu, mpole na mwenye watoto wengi, aliyebuniwa na Earl Derr Biggers katika riwaya iliyotoka mwaka 1925. Mwanawe wa kwanza, Lee, anayeigizwa na Keye Luke, ni kijana wa Kimarekani mtupu kwa lugha na mavazi, mwenye haraka ya kumkamata mtu yeyote anayekimbia. Baba husubiri, hutazama, kisha hutamka methali. Mwana huvunja kitu, huomba radhi, na mara nyingine katika kuvurunda kwake huokota kidokezo cha kweli. Utani wao hauna ukatili, na heshima ya kijana kwa mzee wake haipotei hata anapokaripiwa. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kitu bora kuliko vyote katika mfululizo huo, na filamu ambazo Warner Oland, Chan wa kwanza kati ya wale watatu, na Keye Luke wapo pamoja zinazipita mbali zile zilizofuata.

Fumbo lenyewe

Anayependa kukisia muuaji kabla hajatajwa atahudumiwa vizuri zaidi na Chan. Filamu hizo zina kanuni karibu isiyobadilika: mauaji hutokea mapema, washukiwa ni kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja, vidokezo huonyeshwa mbele ya kamera, taa huzimika wakati mbaya, na mwishoni wote hukusanywa chumba kimoja ili mmoja wao anyooshewe kidole. Charlie Chan at the Opera ya mwaka 1936 ndiyo kielelezo kizuri. Boris Karloff ni mwimbaji aliyepoteza kumbukumbu na kutoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, akarudi kujificha ndani ya jumba la opera alikokuwa akiimba zamani. Mtazamaji anatakiwa aamue kama huyo ndiye anayeua, au kuna anayejificha nyuma ya kivuli chake. Ndani ya dakika 68 hakuna onyesho la kupoteza muda.

Holmes wa filamu, tofauti na wengi wanavyotarajia, mara nyingi hafichi mhalifu. Katika The Pearl of Death ya mwaka 1944 tunamjua mwizi tangu mwanzo, na swali ni jinsi atakavyonaswa. Onyesho moja la filamu hiyo latosha kumshawishi anayedhani Holmes huyu ni mashine isiyokosea. Msimamizi wa makumbusho anajisifu kwamba lulu yake imelindwa kwa umeme na haiwezi kuibwa. Holmes, kwa majivuno ya kutaka kumthibitishia udhaifu wa mitambo hiyo, anazikata nyaya zake, na wakati huohuo mwizi aliyejifanya mfanyakazi anaichukua lulu na kutoroka nayo. Filamu iliyobaki ni Holmes kulipa deni la kiburi chake, huku watu wakiuawa kwa sababu yake. Anayetaka fumbo halisi la nani aliyeua achukue The Scarlet Claw ya mwaka huohuo, hadithi ya kijiji cha Kanada chenye ukungu, ambako wanakijiji wanaamini kuna jini linalong'aa mbugani. Roy William Neill, aliyeongoza filamu 11 kati ya 12 za Holmes zilizotengenezwa na kampuni ya Universal, alijua kuufanya ukungu ufiche umaskini wa mandhari, na katika filamu hii ukungu wenyewe unakuwa sehemu ya kitisho.

Kwa upande wa fumbo, Nick na Nora ndio wa mwisho, na hilo haliwasumbui. Kisa cha filamu ya kwanza, kilichotoka katika riwaya ya Dashiell Hammett, kina mvumbuzi aliyepotea, mke aliyeachwa, hawara na hati za fedha, na nusu ya watazamaji hupotea njiani. Hitimisho ni karamu ya chakula cha usiku ambapo Nick anawaalika washukiwa wote, huku askari wakiwa wamevaa kama wahudumu na kuwalazimisha wageni kula. Anapoeleza jinsi mauaji yalivyofanyika, Nora anamuuliza kama hayo ni kweli, naye anamjibu kwamba hajui, ila ndiyo njia pekee inayoyafanya mambo yaeleweke. Mtu anayeudhiwa na jibu la namna hiyo asianzie hapa. Na kwa faida ya wanaochanganyikiwa na jina: mtu mwembamba wa filamu ya kwanza ni yule mvumbuzi aliyepotea, si Nick, jina lilimganda Nick kwa sababu kampuni iliendelea kulitumia.

Lugha, kwa wanaotazama bila tafsiri

Jambo hili halizungumzwi sana, lakini kwa mtazamaji wa kwetu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, ni jambo zito, kwa kuwa nakala nyingi za filamu hizi hazina maandishi ya tafsiri. Rathbone hutamka kila neno kikamilifu, kama mwigizaji wa jukwaani alivyokuwa, na Holmes ana desturi ya kumweleza Watson kila kitu mara mbili, ambayo ni rehema kwa msikilizaji. Nick na Nora huzungumza kwa kasi, kwa mafumbo ya mtaani ya New York na San Francisco ya wakati ule, na wakati mwingine wote wawili kwa pamoja. Anayewasikiliza kwa mara ya kwanza atacheka nusu ya vichekesho. Chan huzungumza polepole, lakini Kiingereza alichoandikiwa kimevunjwa kwa makusudi, na hilo linatuleta kwenye suala gumu zaidi.

Yaliyochusha kwa kupita miaka

Charlie Chan ni Mchina, na hakuna hata mmoja kati ya waigizaji watatu wakuu aliyekuwa Mchina. Warner Oland alizaliwa Uswidi. Sidney Toler na Roland Winters walikuwa Wamarekani weupe. Walipakwa na kuvalishwa wafanane na Mchina, wakati Keye Luke, mzaliwa wa Guangzhou, alipewa nafasi ya mwana. Watetezi wa filamu hizi husema, na ni kweli, kwamba Chan ndiye mwerevu kuliko wote waliomo, na kwamba wanaomdharau kwa rangi yake huaibishwa. Katika Charlie Chan at the Opera yupo askari mweupe mwenye maneno ya kuudhi ambaye mwishoni analazimika kuinamisha kichwa. Lakini hoja hiyo haiondoi ukweli kwamba mwerevu huyo aliigizwa na watu wa asili nyingine, tena kwa lugha ya kubabaika. Waigizaji weusi walitendewa vibaya zaidi. Stepin Fetchit katika Charlie Chan in Egypt ya mwaka 1935, na Mantan Moreland kama dereva Birmingham Brown katika filamu za Chan za kampuni ya Monogram za miaka ya 1940, wamepewa kazi ya kuogopa na kukodoa macho. Moreland alikuwa na kipaji kikubwa cha vichekesho, na inauma kumwona akitumiwa hivyo. Kwa mtazamaji Mwafrika, hili peke yake laweza kuwa sababu ya kuziacha, na sitamlaumu atakayefanya hivyo.

Asidhani hata hivyo kwamba akina Holmes ni safi. The Spider Woman, iliyotolewa kipindi cha mwisho wa 1943 na mwanzo wa 1944, ina mbilikimo wa Kiafrika anayetumiwa kama chombo cha mauaji, na aliyemwigiza ni Mmarekani mweupe. Terror by Night ya mwaka 1946 inazunguka almasi iitwayo Nyota ya Rhodesia, na hakuna anayejiuliza ilifikaje Uingereza. Haya hupita haraka, wala hayaujazi mfululizo kama ilivyo kwa Chan. Kinacholalamikiwa zaidi kwa Holmes ni kuhamishwa kwake: filamu mbili za kampuni ya Fox za mwaka 1939 ziko katika zama za Malkia Victoria, lakini kuanzia 1942 Universal ilimleta kwenye vita vilivyokuwa vikiendelea, akapambana na Wanazi. Katika filamu ya kwanza ya Universal, Holmes ananyoosha mkono kuichukua kofia yake mashuhuri, Watson anamkumbusha kwamba aliahidi kutoivaa tena, naye anachukua kofia ya kawaida. Baada ya filamu chache vita vinasahaulika, na gari la kisasa likipita nje ya dirisha utaona halikusumbui.

Kwa Nick na Nora doa ni pombe. Marufuku ya pombe Marekani iliondolewa Desemba 1933, na filamu ya mwaka uliofuata inasherehekea uhuru huo kwa kila bilauri iliyopatikana. Wazazi wa familia zisizokunywa wajue hilo kabla ya kuwaita watoto sebuleni. Kufikia The Thin Man Goes Home ya mwaka 1945, wakati wa mgao wa vita, Nick anakunywa maji ya tofaa, na ukweli ni kwamba filamu nayo imepungua ukali. Van Dyke alikwisha kufariki mwaka 1943, na tofauti inaonekana.

Muda, mpangilio na upatikanaji

Filamu 12 za Universal zinakaribia dakika 60 hadi 75 kila moja na zinaweza kutazamwa bila kufuata mpangilio wowote. Nne kati yake, yaani Sherlock Holmes and the Secret Weapon, The Woman in Green, Terror by Night na Dressed to Kill, hazina tena hakimiliki nchini Marekani, hivyo hupatikana bure na kihalali kwenye hifadhi za intaneti. Tahadhari mbili zinahitajika: nakala nyingi za bure ni chafu, na baadhi zimetiwa rangi baadaye, jambo linaloharibu vivuli vya Neill. Filamu zote 12 zimekarabatiwa na hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA, na anayeweza kulipia nakala hizo hatajuta.

Nick na Nora wafuate mpangilio wa miaka, kwa sababu maisha yao yanasonga: filamu ya pili inaanza pale ya kwanza ilipoishia, mtoto anazaliwa, na kufikia 1947 amekuwa mvulana wa kupigishwa piano. Ni filamu ndefu zaidi. Ya pili, ambayo James Stewart kijana yumo, inakaribia saa mbili. Kwa Chan, filamu nne za awali za Oland zimepotea kabisa, hivyo hakuna anayeweza kuutazama mfululizo wote hata akitaka.

Uanze wapi basi?

Mwenye jioni moja tu, ambaye hana mpango wa kuendelea, atazame The Thin Man. Ndiyo filamu bora zaidi kati ya zote zilizotajwa hapa. Lakini anayetaka mfululizo wa kumsindikiza kwa miezi, filamu moja kila Jumapili, namshauri achukue Holmes, kwa sababu kiwango chake kinapanda na kushuka bila kuporomoka, ilhali Nick na Nora hupungua baada ya filamu ya pili. Aanze na The Scarlet Claw, afuatishe The Pearl of Death, kisha arudi kwenye The Hound of the Baskervilles ya 1939 ili aone Rathbone na Bruce walivyokuwa siku ya kwanza. Ukiwa na watoto wanaoelewa Kiingereza kidogo, Terror by Night inafaa zaidi: karibu yote imo ndani ya treni ya usiku kutoka London kwenda Edinburgh, na imekwisha kwa saa moja. Chan nampendekeza kwa anayejua anachokiendea, na kwake Charlie Chan at the Opera yatosha. Akiipenda, abaki kwenye filamu za Oland na asijisumbue na za Monogram.

Atakayemaliza hayo yote na bado ana hamu aende kwa Falcon wa kampuni ya RKO, mwungwana mpenda wanawake asiye na uzito wowote. George Sanders, aliyemwigiza kwanza, alichoshwa na nafasi hiyo mapema, na mwaka 1942 kampuni ikampa ndugu wa kumrithi ndani ya hadithi yenyewe: Tom Conway, ambaye alikuwa ndugu yake wa damu, na aliyeendelea kuwa Falcon hadi 1946.